Usiku wa upepo Mtera: kamba fupi, na miti iliyokuwa nyuma yetu

Ilazo Juu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu Agosti. Ninaliandika sasa kwa sababu kila mwisho wa juma naona watu wa Dodoma wakiongezeka pale kwenye bwawa la Mtera na boti zao za faiba, na karibu kila boti ninayoichungulia ina nanga nzuri iliyofungwa kamba ambayo mwenyewe hajui urefu wake. Sisi pia tulikuwa hivyo.

Boti yetu ina urefu wa mita 6, mashine ya nguvu za farasi 15, na turubai ambalo watu wawili wanaweza kulala chini yake. Kwa miaka miwili mimi na mke wangu tulikuwa tukiondoka Dodoma alfajiri, tunapita Mpunguzi, Fufu na Chipogolo, tunafika mwaloni jua likiwa bado changa, na jioni tunarudi nyumbani. Safari hii tulitaka kulala majini usiku mbili, tukiufuata ukingo wa kaskazini kuelekea magharibi.

Kwa asiyelijua bwawa hili, linapojaa lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600, na ukuta wake uko upande wa mashariki. Lilipojengwa katika miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, migunga na miti mingine iliyokuwa bondeni haikung'olewa yote. Mingi imesimama hadi leo, mikavu na migumu kama chuma, na mingine imekatika ikabaki visiki ambavyo hutaviona mpaka uvigonge.

Siku ya kwanza maji yalikuwa shwari. Saa kumi na moja jioni tuliingia katika kighuba kimoja, nikapima kina kwa kamba yenye jiwe nikapata mita 4, nikatupa nanga na kulegeza mita 12 tu za kamba. Nyuma yetu, kiasi cha mita 60 hivi, palikuwa na kundi la miti mikavu, na hesabu yangu ilikuwa kwamba kamba ikiwa fupi boti haitazunguka na kuifikia. Mke wangu akaniambia kwamba kighuba kile kimefunguka upande wa kusini mashariki, na kwamba ingefaa turudi nyuma ya rasi tuliyoipita muda si mrefu. Nikamjibu kwamba jioni imetulia na chakula kiko jikoni. Hayo ndiyo majibu niliyompa.

Upepo ulianza saa nne usiku. Hautofautiani na ule tunaoujua mjini, unaopiga mabati kuanzia Juni na kutujazia vumbi madirishani, ila ulikuwa umekimbia kilomita nyingi juu ya maji bila kuzuiwa na kitu. Kabla ya saa tano mawimbi yalikuwa mafupi na yamesimama wima, omo, yaani mbele ya boti, linapanda, linashuka kwa kishindo, kamba inakaza ghafla na boti nzima inatetemeka. Maji yalikuwa yakiingia juu ya omo, nami nikawa nayakumba kwa kopo la rangi.

Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba tunasogea. Jioni, bila kuniambia, alikuwa ameichagua miti miwili ubavuni mwetu, mmoja karibu na mwingine mbali, iliyokaa katika mstari mmoja. Sasa kwa mwanga wa mwezi akaona imeachana. Nikaishika kamba kwa kiganja, nikahisi mtikisiko kama wa jembe linalokwaruza mawe. Nanga ilikuwa inaburuta.

Hapo ndipo ilipo shida ambayo nataka wenye boti waifikirie wakiwa bado nchi kavu. Nilijua, kwa kusoma tu, kwamba nanga inayoburuta huongezewa kamba. Lakini kila mita ya kamba niliyokuwa naiongeza ilikuwa inatusogeza mita moja kuelekea ile miti. Nisipoongeza, tutaifikia tukiburutwa, na nikiongeza, tutaifikia kwa mkono wangu mwenyewe. Tulizungumza kwa muda mfupi sana, tukipayuka ili tusikilizane, kisha nikailegeza yote niliyokuwa nayo, mita 38, huku mke wangu akiwasha mashine na kuiendesha mbele polepole ili kuipunguzia kamba mzigo.

Boti ilirudi nyuma, ikaendelea kurudi, kisha omo likavutwa kwa nguvu na kugeukia upepo. Tezi, yaani nyuma ya boti, ilikuwa karibu na mti wa kwanza kiasi kwamba niliona magamba yake kwa kurunzi. Tulikaa hapo hadi asubuhi. Mwezi ulizama mnamo saa nane, na baada ya hapo tulikuwa tunamulika mti ule kila dakika chache kuona kama umesogea.

Saa tisa nilipapasa kamba pale inapopita kwenye ukingo wa omo, nikakuta msokoto mmoja kati ya mitatu umeshakatika kwa kusuguliwa. Mke wangu alivua khanga aliyojifunga, akaikunja, nikaizungushia kamba mahali pale na kuifunga kwa uzi wa kuvulia. Kulipopambazuka khanga ilikuwa imechanika vipande vipande, lakini misokoto miwili ilikuwa mizima.

Upepo ulipungua baada ya saa moja asubuhi. Nanga ilikataa kabisa kupanda, tukaikata tukaiacha. Ninaomba wenye ujuzi waseme tulipokosea na tulipopatia, kwa kuwa tunakusudia kurudi.

Kizota Mjini

Poleni sana, kaka. Swali langu ni moja. Kwa nini hamkukata kamba mapema na kutoka kwenda maji mapana kwa mashine, badala ya kukaa mbele ya miti usiku kucha?

Ilazo Juu

Asante, ndugu. Tulilifikiria. Njia tuliyoingilia ilikuwa na visiki vilivyofunikwa na maji kidogo tu, ambavyo mchana tulivikwepa kwa macho. Usiku ule, kwa mashine ya farasi 15 dhidi ya mawimbi yale, tungekuwa tunakwenda polepole na bila kuona, na kisiki kimoja kingetosha kuvunja pangaboi, yaani propela. Boti isiyo na mashine na isiyo na nanga haina lolote la kuizuia.

Bilidi

Mimi nilifanya kazi katika vyombo vya pwani kwa miaka mingi kabla ya watoto kunileta Dodoma, kwa hiyo nitalisema hili kwa lugha ya baharini, nanyi wa bara mnivumilie.

Uamuzi wa kulegeza amari yote, yaani kamba ya nanga, ulikuwa sahihi, na sababu yake inafaa kueleweka ili mtu mwingine asiufanye kwa kubahatisha. Nanga haishiki kwa uzito wake. Inashika kwa sababu inavutwa ikiwa imelala, ncha yake ikajichimbia. Umesema kina kilikuwa mita 4. Ongeza urefu wa omo juu ya maji, tuseme sentimita 60, jumla mita 4.6. Kwa mita 12 za kamba ulikuwa na urefu usiofika mara tatu ya kimo hicho. Kamba ikikaza hadi kunyooka, inaivuta nanga kwa pembe ya nyuzi kama 23, yaani inainyanyua. Kwa mita 38 umepita mara nane, na pembe inashuka hadi nyuzi 7 hivi. Mabaharia wanaotumia kamba tupu bila mnyororo huhesabu mara saba au zaidi pale hali inapochafuka. Wenye mnyororo mtupu huridhika na mara tano, kwa kuwa uzito wa mnyororo wenyewe unaulaza mvuto.

Nadhani nanga yako ni ya jembe. Aina hiyo ilibuniwa Uingereza mwaka 1933 na mwanahisabati Geoffrey Ingram Taylor, aliyekuwa pia mpenda tanga, na jembe lake linataka kuvutwa sambamba na ardhi kama jembe la ng'ombe linavyotaka. Mkulima akinyanyua mikono kupita kiasi, jembe linateleza juu ya udongo.

Kuhusu upepo, msukumo wake haukui kwa kiasi kilekile cha mwendo wake. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukifika 40, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana nanga iliyotulia vizuri saa tatu ya usiku inaweza kung'oka saa tano bila kosa jipya kufanyika. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, watu wa bara hudhani linawahusu wa Pwani peke yao. Upepo wa kusini mashariki unaopiga Dodoma ni mtu na ndugu yake na kusi ya bahari. Kwa bahari yetu hii ndiyo miezi ya kuogopwa, na meli ya abiria MV Skagit ilizama katika upepo mkali tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja.

Kisha yale mawimbi. Kwa bahari kuu wimbi linaweza kuchukua sekunde nane au kumi kutoka kilele hadi kilele, na chombo kidogo kinapanda na kushuka kama mtu anayepita vilima. Bwawani upepo hauna umbali wa kutosha kuyarefusha. Wimbi la sekunde tatu katika kina chenu lina urefu wa mita 13 hivi, na nusu yake ni kama urefu wa boti yenu. Kwa hiyo omo linakuwa kileleni wakati tezi iko bondeni, na sekunde moja na nusu baadaye inakuwa kinyume. Hicho ndicho kilichokuwa kinaitesa kamba.

Neno la lawama ni moja. Mashine ya kusaidia nanga ni jambo la hatari kwa asiyezoea. Ukiipa nguvu kidogo kupita kiasi, boti inapita juu ya kamba yake yenyewe na pangaboi linaikata au linajifunga nayo. Aliyeishika usukani usiku ule alikuwa na mkono mtulivu.

Mtera Mwaloni

Kaka Ilazo, pole wewe na shemeji. Mimi ni mvuvi wa hapa, na kighuba hicho nafikiri nakijua. Hatulali pale kuanzia Juni hadi Oktoba.

Namheshimu mzee Bilidi, na hesabu yake siipingi. Lakini kwa bwawa letu hesabu ya kamba inakuja baada ya jambo lingine, ambalo ni kuchagua ukingo. Kamba ndefu inataka nafasi, na penye miti nafasi haipo. Sisi tukivua mbali na kambi tunalala upande ambao upepo unatokea, hata kama ni kuvuka bwawa zima kabla jua halijazama, kwa sababu kule upepo unatoka nchi kavu na maji ya ukingoni yanabaki kama ya beseni. Ukilala upande unaopokea upepo, umelala mdomoni. Kama nanga ikiachia ukiwa ukingo wa juu, yaani ule upepo unakotokea, utasukumwa katikati ya bwawa na utakuwa na saa nzima ya kufikiri. Ninyi mlikuwa na mita chache.

Dalili huwa zipo. Jioni ya upepo, kabla haujafika majini, utaona upande wa mashariki anga limekuwa na rangi ya vumbi chini kabisa, na ndege wanaolala kwenye miti mikavu wanahamia mapema. Siku ambayo alasiri imetulia kupita kawaida mwezi wa Agosti, sisi tunaitilia shaka.

Tena, asije mtu akasema angejifunga kwenye mti. Mti mkavu wa Mtera umesimama majini zaidi ya miaka 40, na juu unaonekana mzima huku chini umeoza. Nimeona mtumbwi ukiangukiwa.

Mwalimu wa Mpunguzi

Nimesoma kwa makini, na linalonisumbua halijatajwa. Kama boti ingepasuliwa na miti, je, mlikuwa na namna ya kufika nchi kavu? Bwawa lile lina mamba na viboko. Na je, mlikuwa mmevaa majaketi ya kuokolea?

Mama Neema

Nimesajiliwa humu muda mrefu, ila huwa nasoma tu. Baba Neema, ndiye Ilazo Juu, mume wangu, ameniomba nijibu swali la Mwalimu kwa kuwa majaketi yalikuwa mambo yangu.

Tulikuwa nayo mawili, yamefungwa chini ya kiti pamoja na mizigo. Upepo ulipoanza nilimwambia tuyavae, akasema tusubiri tuone. Nikamjibu kwamba kama mambo yatakuwa mabaya hatutakuwa na mikono ya kuyafungulia. Tuliyavaa, na ndani yake nikatia simu zetu katika mfuko wa plastiki. Mamba niliwafikiria, Mwalimu. Niliwafikiria usiku mzima. Ukingo ulikuwa kiasi cha mita 200 nyuma ya miti, maji ya tope, giza, na nilikwishakata shauri kwamba boti ikijaa maji tutaishikilia boti, hatutaiacha kuogelea. Boti ya faiba iliyojaa maji huenda isizame kabisa, na mtu anayeishikilia anaonekana kukicha.

Kuhusu ile miti miwili, sikufundishwa na mtu. Marehemu babu yangu alikuwa na shamba kule Bahi, na alikuwa akipima kama maji ya mbuga yanapanda kwa kutazama mti mmoja ukikaa mbele ya mwingine. Nilipoona Baba Neema ameridhika na mahali ambapo mimi sikuridhika napo, nikaweka alama zangu ili nipate kulala. Sikulala.

Ninataka niseme na jingine, kwa sababu wengi wanaokwenda Mtera ni wanandoa kama sisi. Jioni ile nilisema mara moja, nikajibiwa, nikanyamaza ili tusiiharibu safari. Neema alikuwa Dodoma kwa bibi yake, ana miaka sita, na saa tisa ya usiku nilikuwa nimeushika usukani nikikumbuka kwamba nilinyamaza kwa ajili ya chakula cha jioni. Siku hizi tumekubaliana kwamba mmoja wetu akisema mahali hapamridhishi, tunaondoka bila kuulizana sababu. Tumefanya hivyo mara mbili tangu wakati huo.

Bilidi

Mama Neema, katika vyombo nilivyofanyia kazi, kuweka alama mbili nchi kavu mara baada ya kutia nanga ni kazi ya kwanza ya zamu, na inaandikwa. Wewe uliifanya bila kuambiwa. Khanga pia ni dawa sahihi, kwani nailoni haiogopi kuvutwa, inaogopa kusuguliwa. Wekeni kipande cha mpira wa bomba la maji, mkipasue kwa urefu, mkivishe kamba pale inapogusa omo.

Kizota Mjini

Nimeelewa sasa, na nafuta swali langu la mwanzo. Baada ya hapo mlibadilisha nini katika vifaa?

Ilazo Juu

Kwanza, mke wangu ameeleza jambo la jioni ile kwa upole kuliko nilivyostahili. Alikuwa sahihi, na nilimwomba radhi pale pale asubuhi, kabla hatujawasha mashine.

Vifaa: tumenunua nanga nyingine ya uzito uleule, mnyororo wa mita 8 wa kutangulia kamba, na kamba mpya ya nailoni ya mita 60. Kila mita 5 nimefunga kitambaa cha rangi, ili hata gizani niweze kuhesabu kwa vidole. Kuna nanga ya pili ndogo, nayo ina kamba yake. Kipande cha mpira alichokitaja mzee Bilidi nimekikata leo. Lakini zaidi ya vyote tumefuata neno la Mtera Mwaloni, na katika miezi ya upepo tunalala ukingo wa mashariki au hatulali majini.

Mtera Mwaloni (Novemba)

Kaka Ilazo, maji yameshuka sana mwaka huu. Wageni wengi hawajui kwamba bwawa likijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mitambo inaweza kuendelea kulitumia hadi mita 690, kwa hiyo mahali ulipoelea Agosti panaweza kuwa malisho ya ng'ombe Novemba. Jana tulikuwa tunatafuta nyavu zilizopotea, nikaingia kwenye kile kighuba kwa miguu. Maji yalikuwa ya magotini.

Nanga yenu ipo. Imeingia chini ya mzizi wa mgunga uliokatika, na shina lake limepinda. Haikushika tope, ilikamatwa na mzizi. Nimepima kwa hatua kwa sababu nilijua mtauliza. Kutoka kwenye mzizi kurudi hadi usawa wa ile miti miwili ya shemeji ni hatua 40. Kutoka kwenye mzizi kwenda mbele hadi mti wa kwanza wa lile kundi ni hatua 65. Nimeukata mzizi kwa shoka, nanga iko kambini kwangu.

Ilazo Juu

Ndugu yangu, asante. Tumekaa mezani mimi na Mama Neema na karatasi. Hatua 65, kwa hatua ya mtu mzima, ni mita 49 hivi. Kamba mita 38 na boti mita 6 ni mita 44. Mara mbili tumeirudia hesabu, na inabaki mita 5.

Tutakuja Jumamosi kuichukua nanga, tukiwa na Neema, kwa gari.